Msomaji wa Kipande Kimoja

Watayarishaji wa masimulizi ya majukwaa mengi hupenda kumwandikia mtu mmoja ambaye ni nadra kupatikana: yule anayefuatilia kila kitu. Ametazama filamu, amesoma katuni, amecheza mchezo wa video, amesikiliza podikasti, amejiunga na kurasa za wahusika kwenye mitandao ya kijamii, na usiku anakesha na wenzake wakiunganisha vipande. Yupo, sikatai. Lakini kwa kila mmoja wa aina hiyo wapo wengi mno watakaokutana na kipande kimoja tu cha kisa, pengine kwa bahati, na hawatarudi kutafuta kilichobaki. Hoja yangu ni kwamba ufundi wa kusimulia kisa katika vyombo vingi hupimwa kwa huyu wa pili. Ukimpa kipande kisichojitosheleza, umemnyima kisa. Ukimpa kipande kilichokamilika, huku kikimwonyesha kwamba pana mengine zaidi ya hapo, umefanya kazi ambayo wachache wameiweza.

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Riwaya inapogeuzwa kuwa filamu, kisa ni kile kile, umbo tu ndilo limebadilika. Kipindi cha redio kinapokatwa na kupandishwa kwenye mitandao mitano, huo ni usambazaji: kazi muhimu, ila si usimulizi mpya. Tunachozungumzia hapa ni kisa kinachogawanywa tangu mwanzo, filamu ikibeba sehemu yake, mchezo yake, kitabu chake, na kila sehemu ikiongeza jambo ambalo nyingine hazina. Msomi wa filamu Marsha Kinder aliuandikia mtindo huu mwaka 1991, alipochunguza jinsi watoto wanavyowafuata wahusika wale wale kutoka televisheni hadi michezo ya video. Henry Jenkins, msomi wa vyombo vya habari, ndiye aliyeupa umaarufu, kwanza kwa makala yake ya 2003, kisha kwa kitabu cha 2006. Watu wengi walishika nusu ya kwanza ya alichosema, kwamba kila chombo kifanye kinachokiweza zaidi. Nusu ya pili waliiruka: kila sehemu ijitosheleze kiasi cha mtu kuweza kuingilia hapo hapo bila kuwa ameziona nyingine.

Mfano unaotajwa kila mara ni The Matrix, mfululizo wa filamu kuhusu vita vya wanadamu na mashine, na unastahili, kwa sababu uzuri na kasoro za mtindo huu vimo mle mle. Mei 2003 filamu ya pili ya mfululizo huo ilitoka sambamba na mchezo wa video, Enter the Matrix, na karibu na hapo ukatoka mkusanyo wa filamu fupi tisa za katuni. Akina Wachowski, walioandika na kuongoza filamu hizo, waliuandikia mchezo kisa chake na kuupigia takriban saa nzima ya picha za waigizaji wakati wa kupiga filamu yenyewe. Haukuwa bidhaa ya pembeni. Tazama jinsi ujumbe mmoja ulivyosafiri. Katika katuni mojawapo, wafanyakazi wa chombo cha usafiri kiitwacho Osiris wanagundua kwamba mashine zinachimba kuelekea mji wa mwisho wa wanadamu, na mmoja wao anautoa uhai wake ili taarifa hiyo ifike kwenye sanduku la posta. Mchezo wa video unaanza na mchezaji kwenda kuichukua. Katika filamu, manahodha wamekaa kikao wanaijadili habari hiyo, na jina la Osiris linapita kwa sentensi chache.

Kwa aliyefuata njia yote, sentensi zile zina uzito wa watu waliokufa. Aliyeingia ukumbini tu naye anaelewa: hatari ipo, imegundulika, watu wajiandae. Hapo kazi imefanyika barabara. Tatizo linakuja mbele zaidi. Pana shambulio dhidi ya mtambo wa umeme ambalo filamu inalipitia kwa kurukaruka, kwa kuwa sehemu kubwa yake inachezwa kwenye mchezo wa video. Na pana kijana anayemganda shujaa kwa heshima ya ajabu akimshukuru kwa kumwokoa, ilhali kisa cha kuokolewa kwake kimo kwenye katuni. Mtazamaji wa filamu pekee anabaki akijiuliza huyu ni nani na ametokea wapi. Ujumbe wa Osiris unamwongezea aliyejua. Kijana yule anamwadhibu asiyejua. Mwandishi makini anapaswa kuiona tofauti hiyo akiwa bado kwenye rasimu.

Nasema hivi nikijua kwamba biashara inavuta upande mwingine. Kwa kiasi kikubwa mtindo huu ulizaliwa sokoni. Nchini Japani mfululizo wa katuni wa Astro Boy ulianza kurushwa kwenye televisheni Januari 1, 1963, na mdhamini wake, kampuni ya kutengeneza chokoleti, akaweka stika za mhusika huyo ndani ya bidhaa zake. Sura ile ile ikatoka kwenye skrini ikaingia mfukoni mwa mtoto, na wasomi wa utamaduni wa Kijapani huiona hatua hiyo kuwa chimbuko la utamaduni wa kuchanganya vyombo ambao baadaye ulituletea Pokémon. Sioni aibu yoyote hapo. Mtoto aliyebandika stika kwenye daftari aliendeleza kisa kwa namna yake. Lakini soko likishika usukani peke yake, kipande huundwa kikiwa na pengo makusudi ili mtu anunue kinachofuata. Pengo la kusimulia humfanya mtu awaze. Pengo la kuuza humfanya ahisi ametapeliwa.

Chama cha watayarishaji cha Marekani, Producers Guild of America, kilipoitambua rasmi kazi ya mtayarishaji wa masimulizi ya aina hii mwaka 2010, kiliweka sharti la angalau misururu mitatu ya masimulizi ndani ya ulimwengu mmoja. Naelewa, chama kinahitaji kipimo. Ila kipimo cha namna hiyo kikifika ofisini hugeuka fomu ya kujaza: filamu tunayo, tovuti tunayo, ukurasa wa mhusika tunao, haya, tumemaliza. Ndiyo maana kuna kurasa nyingi za wahusika zilizoandikwa kwa bidii hadi siku ya uzinduzi, kisha zikatelekezwa.

Kazi ninayoirudia kila nikitaka kuona jambo hili likifanywa sawasawa ni SKAM, tamthilia ya vijana ya Norwei iliyorushwa na shirika la utangazaji la umma, NRK, kati ya 2015 na 2017. Mwandishi na mwongozaji wake, Julie Andem, na wenzake waliwahoji vijana wengi kabla ya kuandika, kwa kuwa walikuwa na mtu mahususi akilini: msichana wa miaka 16. Kisha wakafanya jambo geni kwa shirika la televisheni. Hawakusubiri siku ya kipindi. Kila tukio liliwekwa kwenye tovuti saa ile ile linapotokea katika maisha ya wahusika, la Jumatatu asubuhi shuleni likatoka Jumatatu asubuhi, la usiku likatoka usiku. Kati ya tukio na tukio, wahusika walikuwa na kurasa zao za Instagram, na ujumbe wao wa simu ukawekwa tovutini kama picha za skrini. Mwisho wa wiki vipande viliunganishwa kuwa kipindi kizima kwa anayetaka kukaa na kutazama.

Angalia mgawanyo wa kazi. Video ilibeba nyuso na matukio. Ujumbe wa simu ulibeba kisichosemeka ana kwa ana: kuchelewa kujibu, jibu fupi mno, sentensi iliyoandikwa kwa hasira. Instagram ilibeba sura ambayo mhusika anataka watu waione, na mara nyingine haikufanana na tuliyoiona kwenye video. Na saa yenyewe ikawa chombo. Mhusika akinyamaza, hadhira nayo ilikaa inasubiri siku nzima, ikihangaika kama wanavyohangaika marafiki wa kweli. Filamu inaweza kutuambia kwamba siku zimepita. Haiwezi kutufanya tuziishi.

Na yule wa kipande kimoja? Kila kipande kilikuwa tukio lenye mwanzo na mwisho wake. Aliyesubiri kipindi kizima hakukosa kisa, alikosa tu homa ya kusubiri. Aliyetumiwa na rafiki kipande cha dakika chache aliona watu wawili, mmoja akitaka kitu na mwingine akikinyima, na hiyo ni hadithi tosha. Mashabiki wa nchi nyingine walianza kuvitafsiri vipande wenyewe bila kuombwa, na baadaye matoleo mapya yakatengenezwa Ufaransa, Ujerumani, Italia, Marekani na kwingineko. Sidhani kisa kingesafiri hivyo iwapo kila kipande kingemtaka mtazamaji awe ameshaona vingine kumi.

Wala si lazima uwe na shirika zima nyuma yako. The Lizzie Bennet Diaries, iliyoanza Aprili 2012 kwenye YouTube, ilikuwa kwa sehemu kubwa msichana mmoja akiongea na kamera chumbani kwake. Lizzie anamsimulia mdogo wake Lydia kama mtu wa mzaha na fujo. Lydia naye akapewa chaneli yake, ambayo Lizzie haitazami, na huko tunamwona mpweke, amejeruhiwa na maneno ya dada yake, anaangukia mikononi mwa mwanamume mbaya. Aliyetazama chaneli zote mbili aliiona hatari ikija na hakuwa na la kufanya. Aliyemtazama Lizzie tu alishtuka pamoja na Lizzie, kwa sababu ile ile: naye hakumsikiliza Lydia. Kutojua kwake kukawa sehemu ya kisa. Sijaona matumizi bora zaidi ya vyombo viwili.

Tubuni kisa chetu tuone maamuzi haya yanavyofanyika mezani. Muuguzi wa zamu ya usiku, peke yake wodini, anagundua kwamba mgonjwa aliyekuwa aruhusiwe asubuhi hali yake inabadilika. Anampigia daktari simu, daktari hapokei. Kunakucha, mgonjwa yu hai, na muuguzi anaandika ripoti ya kukabidhi zamu yenye mistari mitatu. Haraka ya kwanza ni kukiandika kisa chote, kukirekodi chote kwa sauti, kisha kukifupisha kwa video. Utakuwa umesimulia jambo moja mara tatu.

Heri kuuliza usiku ule una nini ambacho chombo hiki pekee kinakishika. Sauti inashika upweke: hatua kwenye sakafu, pumzi ya mgonjwa inayobadilika mwendo, simu inayoita bila kupokelewa. Msikilizaji atakuwa ndani ya wodi ile na hatahitaji picha. Ripoti yenyewe, ikionyeshwa kama ilivyo, karatasi moja yenye mistari mitatu, inashika kitu ambacho sauti haiwezi: wingi wa yale yaliyoachwa bila kuandikwa. Maandishi marefu yanaweza kumchukua daktari, ambaye kwenye sauti alikuwa mlio wa simu tu, yakatueleza alikuwa wapi na alikuwa akimhudumia nani. Tayari vipande ni vitatu. Lakini aliyesikia sauti pekee atamlaumu daktari, na hilo linanipa wasiwasi. Kwa hiyo ndani ya sauti ile lazima liwemo jambo dogo, labda daktari hatimaye anapokea na nyuma yake zinasikika kelele za dharura nyingine, ili asiyekwenda mbele zaidi asiondoke na uongo. Kugawa kisa ni rahisi. Kuhakikisha kila mgawo unamtendea haki anayeupata peke yake, hiyo ndiyo kazi inayomkeshesha mhariri.

Na haki hiyo si nadharia. Filamu ya kutisha ya The Blair Witch Project ya mwaka 1999 ilipigwa kwa makumi ya maelfu ya dola tu na ikaingiza karibu dola milioni 250 duniani. Kabla haijaenea kumbini tayari ilikuwa na tovuti iliyosheheni taarifa za polisi, picha na mahojiano kuhusu wanafunzi watatu waliopotea msituni, pamoja na kipindi cha televisheni kilichotengenezwa kwa sura ya makala halisi. Filamu ilionyesha walichorekodi wale watatu. Tovuti na kipindi vikaonyesha waliobaki nyuma wakiwatafuta. Kiufundi mgawanyo huo ni hodari, na sitaupunguzia sifa. Lakini waigizaji walitumia majina yao halisi, na ndio waliotangazwa kupotea. Aliyekutana na tovuti pekee hakupewa njia ya wazi ya kutambua kwamba ni kisa cha kubuni. Mama wa mmoja wa waigizaji alipokea kadi za rambirambi, mwanawe akiwa mzima wa afya.

Watetezi husema hiyo ndiyo raha yenyewe. Nakubali kwamba hadithi ya kutisha inaruhusiwa kucheza kwenye mpaka wa kweli na uongo. Ila unakuwa mchezo pale pande zote mbili zinapojua kwamba zinacheza, na intaneti ya leo imeuondoa uhakika huo. Picha ya skrini hutembea bila tovuti yake, video bila maelezo yake. Anayebuni taarifa ya polisi au tangazo la hospitali isiyokuwepo aweke alama ya ubunifu ndani ya kipande chenyewe, si kwenye ukurasa wa pili ambao hakuna atakayeufungua.

Kwa waandishi wa habari jambo hili ni zito zaidi, na ndiko linakolipuliwa zaidi. Desemba 2012 gazeti la New York Times lilichapisha mtandaoni Snow Fall, habari ndefu ya John Branch kuhusu poromoko la theluji lililowakumba watelezaji katika jimbo la Washington. Video, ramani zinazosogea na maandishi vilifumwa pamoja, na Branch akapata tuzo ya Pulitzer mwaka 2013. Vyumba vya habari vikakimbilia kuiga, na wengi waliiga sura: picha kubwa, kurasa zinazoteleza, muziki. Wakasahau kwamba ramani ya mlima mle ndani haikuwa pambo. Bila hiyo msomaji asingeweza kufuata nani alikuwa wapi kwenye mteremko theluji ilipoporomoka.

Tena huo ulikuwa ukurasa mmoja, wenye kila kitu mahali pamoja. Siku hizi uchunguzi wa miezi kadhaa huwafikia wengi ukiwa video ya chini ya dakika moja yenye maandishi makubwa. Ndani ya uchunguzi mna utetezi wa mtuhumiwa, mna mambo ambayo mwandishi hakuweza kuyathibitisha na akasema hivyo waziwazi. Kwenye video vyote vimeng'olewa kwa kuwa vinapunguza kasi. Mhariri akiulizwa hujibu kwamba taarifa kamili ipo, anayetaka aisome. Utetezi huo siukubali hata kidogo. Anajua fika kwamba wengi hawataisoma, ndiyo maana alitengeneza video. Kama kipande hakiwezi kubeba shaka iliyomo kwenye habari, kisitolewe, au kitengenezwe upya kuhusu sehemu ndogo zaidi ya habari ambayo kinaweza kuibeba nzima. Na kosa likigundulika, masahihisho yafike kila kipande kilikofika. Kusahihisha maandishi huku video ikizunguka na kosa lake ni kuwasahihishia wachache na kuwaacha wengi gizani.

Muda nao huzalisha wasomaji wa kipande kimoja. Adobe ilipositisha Flash mwishoni mwa 2020, michezo na tovuti zilizojengwa kwa teknolojia hiyo, zikiwemo nyingi zilizosindikiza filamu na vipindi, ziliacha kufunguka kwenye vivinjari vya kawaida, na zilizonusurika zimenusurika kwa juhudi za watu wa kujitolea. Mtandao wa kijamii ukifungwa, kurasa za wahusika huondoka nao. Atakayekutana na kisa miaka 15 baadaye atapata kilichobaki, na kwa kawaida ni filamu au kitabu. Kwa hiyo kabla ya kugawa ni vyema kujiuliza, kwa kila kipande, hata kile kidogo: vikipotea vingine vyote, hiki kitamwambia mtu nini?

Wakati mwingine wenye kisa ndio huviondoa. Aprili 2014 Lucasfilm ilitangaza kwamba riwaya, katuni na michezo iliyokuwa imeupanua ulimwengu wa Star Wars kwa miongo kadhaa haihesabiki tena katika kisa rasmi, ikaiweka kando kwa jina la Legends. Waliokuwa wameisoma kwa miaka waliumia, na nawaelewa: waliombwa waunganishe, wakaunganisha, kisha wakaambiwa haikuwa hivyo. Lakini si vipande vyote vilivyofifia. Riwaya ya Timothy Zahn ya 1991, Heir to the Empire, iliendelea kuchapwa, kwa kuwa mtu anaweza kuifungua bila kujali kama ni rasmi au la. Ina vita vyake, na ina adui wake, Thrawn, kamanda anayechunguza sanaa ya watu ili ajue namna ya kuwashinda. Adui huyo alirudishwa katika kisa rasmi mwaka 2016 kupitia katuni ya televisheni, Star Wars Rebels, na mwaka 2023 akatokea katika tamthilia ya Ahsoka, akiigizwa na Lars Mikkelsen, yule yule aliyempa sauti kwenye katuni.

Tamthilia hiyo hiyo ililaumiwa na wahakiki na watazamaji waliosema inamtaka mtu awe ameitazama Rebels kwanza ndipo zimguse huzuni za wahusika. Nadhani lawama hiyo ni ya haki. Thrawn anaeleweka kwa anachokifanya mbele ya macho yetu, kama alivyoeleweka kwenye ukurasa wa 1991. Wahusika wengine kadhaa wanaletwa kama watu tuliokwisha kuwapenda. Msimu wa pili ulitangazwa mapema 2024, ukawapa waandishi wake nafasi ya kuwatambulisha upya.